Gurudumu la 29 na baiskeli yako ya 26

Moshi

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na picha za lile gurudumu nimezitazama sana mpaka vijana wa hapa karakana wakaniuliza kama natafuta mchumba. Unataka kununua gurudumu la mbele la inchi 29 pamoja na foku yake, ulifunge kwenye baiskeli yako ya 26, nyuma ubaki na lilelile, kwa kuwa umeona waendesha baiskeli wa Ulaya wanateremka milima kwa mtindo huo. Jibu nalitanguliza, maelezo yafuate: usinunue. Wazo lenyewe si la kijinga hata kidogo. Kinachokataa ni baiskeli yako. Na kwa pesa hizohizo kuna kitu kitakachokufaa zaidi kwenye njia za Magamba na Irente huko kwenu Lushoto, nitakifikia.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo wauza spea wanapotuchezea. Hizo 26, 27.5 na 29 ni majina tu. Kipimo cha kweli ni kipenyo cha rimu pale ukingo wa tairi unapokaa, nacho huandikwa kwa milimita ubavuni mwa tairi, kikitanguliwa na upana: 54-559, au 57-584, au 57-622. Hiyo namba ya pili ndiyo ya kuishika. 559 ni 26 ya mlimani, kama yako. 584 ni 27.5. 622 ni 29, na usishangae ukiikuta 622 hiyohiyo kwenye baiskeli nyembamba za mbio za lami; kipenyo cha rimu ni kimoja, kilichobadilika ni unene wa tairi. Ile Phoenix ya babu yako ambayo kijiji kizima kinaiita 28, rimu yake ni 635, yaani jina lake ni dogo kuliko 29 na rimu ni kubwa kuliko ya 29. Halafu kuna 26 nyingine, ile inayoandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8, ambayo rimu yake ni 590. Tairi lake ukilivisha kwenye rimu yako linapwaya, na tairi lako kwenye rimu yake haliingii hata ulivute kwa koleo. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni 26, chukua tu", inama usome ubavuni kabla hujatoa pesa.

Sasa hesabu. 622 ukitoa 559 unabaki na 63, na nusu yake ni 31 na kidogo. Ekseli ya gurudumu la mbele itapanda zaidi ya sentimita tatu kwa sababu ya rimu peke yake. Hiyo namba iweke, tutairudia.

Kuchanganya magurudumu hakukuanza jana. Baiskeli ya kwanza ya mlimani ya Cannondale, ya mwaka 1984, ilikuwa na 26 mbele na 24 nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Specialized walikuwa na Big Hit ya kuteremkia, nayo 26 mbele na 24 nyuma. Kisha Trek wakatoa 69er, 29 mbele na 26 nyuma, kitu kilekile unachotaka kukiunda, isipokuwa wao waliichora fremu upya kwa ajili yake. Zote hizo zilipata wapenzi wachache, zikaondoka. Sehemu ya sababu ni kanuni. Kwa miaka mingi UCI, shirikisho la dunia la mchezo wa baiskeli, lilitaka magurudumu mawili ya baiskeli ya mashindano yawe na kipenyo kimoja. Katazo hilo lilipoondolewa kwa baiskeli za mlimani kabla ya msimu wa 2019, mambo yalikwenda haraka: mbio za kwanza za kuteremka za Kombe la Dunia mwaka huo, kule Maribor, Slovenia, alizishinda Mfaransa Loïc Bruni akiwa na 29 mbele na 27.5 nyuma. Leo kampuni nyingi zinauza baiskeli za namna hiyo zikiwa kamili kutoka kiwandani. Ndizo ulizoziona.

Wenye pikipiki wanalijua jambo hili tangu zamani. Pikipiki za motokrosi zina 21 mbele, na nyuma 19 au 18. Hata Honda XL ambayo bwana shamba alikuwa akipandia huko kwenu milimani ina gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ila hakuna aliyewahi kusimama kuishangaa.

Gurudumu la mbele ndilo linalokutana na mizizi, mawe na makorongo kwanza. Likiwa kubwa linapanda juu ya kikwazo kwa pembe iliyolala zaidi, halikwami. Lakini faida yenyewe usiikuze. Nimepiga hesabu ya mzizi wenye kimo cha sentimita kumi: kati ya 26 yenye tairi la kawaida na 29, tofauti ya pembe ya kugongana ni kama nyuzi mbili na nusu. Unaihisi, naam, hasa siku nzima ya mizizi kwenye msitu wa Magamba ambako mikono huchoka kabla ya miguu. Ila si muujiza. Wakati mwingine mtu hushuka kwenye baiskeli chakavu ya 26 yenye matairi yaliyokwisha, akapanda mpya ya 29 yenye shokapu nzuri na matairi mapya, kisha akasifia kipenyo.

Nyuma mambo ni mengine. Anayeshuka mteremko mkali husukuma makalio nyuma na chini, nyuma kabisa ya siti, na akiwa mfupi gurudumu la 29 humsugua makalioni. Cheka, lakini hiyo ni moja ya sababu za kweli kabisa zilizowafanya washindani wa kuteremka watake gurudumu dogo nyuma. Dogo pia huruhusu sehemu ya nyuma ya fremu iwe fupi, baiskeli ikawa nyepesi kugeuka kwenye kona za kubana, na kwa spoki zilezile rimu ndogo ni ngumu zaidi kupinda.

Ila watazame na wengine. Wa mbio za msituni zile ndefu, za kupanda na kushuka, kwa kawaida hawachanganyi. Wanabaki na 29 mbele na 29 nyuma. Nino Schurter wa Uswisi alishinda Kombe la Dunia pale Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwaka 2012 kwa 27.5 zote mbili, na watu wakadhani huo ndio mwisho wa mjadala. Baadaye yeye mwenyewe akahamia 29 zote mbili, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mchanganyiko ni chombo cha mtu anayepandishwa kileleni kwa gari au kwa kamba, akashuka. Wewe unapanda na wageni kutoka Lushoto kwenda Mtae kwa miguu yako, siku nzima, na wao nyuma yako wanahema. Ungeanza kwa kujiuliza hilo.

Turudi kwenye baiskeli yako. Kuna njia mbili za kulifunga hilo gurudumu, na zote zina ubaya.

Ya kwanza ni kulitia kwenye foku uliyo nayo. Linaweza kuonekana limeingia. Utalizungusha pale nje, litapita bila kugusa, na utafurahi. Shida ni shokapu. Foku ya 26 imeachiwa nafasi ya tairi la 26. Ukitua kwenye jiwe shokapu ikazama yote, kichwa cha foku kinashuka mpaka kinakutana na tairi. Tairi likishikwa hapo juu gurudumu linasimama ghafla, na wewe huendi kusimama nalo. Ndiyo maana watengenezaji huandika ukubwa wa juu kabisa wa tairi ambao foku inakubali, na ndiyo maana fundi mwenye akili, kabla ya kukabidhi baiskeli yenye tairi jipya pana, hutoa upepo au springi ya foku, huisukuma mpaka mwisho, halafu huangalia kama kuna nafasi iliyobaki. Ushike mtindo huo hata kwa tairi la 26, kwa baiskeli zako na za wageni.

Njia ya pili ni hiyo ya kununua na foku yake. Hapa ndipo hesabu yetu inarudi. Foku ya 29 ni ndefu kuliko ya 26 yenye mwendo uleule wa shokapu kwa sentimita tatu hadi nne. Jumlisha na zile tatu za rimu, mbele ya baiskeli yako itapanda karibu sentimita saba. Kwa urefu wa baiskeli ya zamani ya 26, ambao ni kama mita moja na sentimita tano kutoka ekseli hadi ekseli, hiyo ni karibu nyuzi nne za kulala nyuma. Shingo ya fremu inalala, na kwenye mteremko utaipenda. Lakini fremu ni kitu kimoja. Shingo haiwezi kulala peke yake. Siti nayo inalala nyuzi zilezile, unajikuta umekaa nyuma ya kranki badala ya juu yake, na kwenye mpando wa Soni mbele inakunyanyukia kila ukikanyaga. Kranki inapanda karibu sentimita tatu, usukani unakufuata kifuani. Utaanza kusogeza siti mbele, kushusha usukani, kununua kishikio kifupi, na mwisho wake utakuwa umelipa mara mbili kwa baiskeli isiyokwenda vizuri popote.

Kibaya zaidi hakionekani kwa macho. Foku ndefu ni wenzo mrefu. Kila ukifunga breki ya mbele inaivuta shingo ya fremu kwa nguvu ambayo fremu hiyo haikuundiwa, na fremu za mtumba za alumini tunazozipokea hapa zimeshafanya kazi kwa mtu mwingine kabla yetu. Ukiona ufa chini ya shingo, pale mirija miwili inapokutana, fremu hiyo imekwisha, usimruhusu mtu akuchomelee. Na kabla ya yote hayo, mwombe muuzaji picha ya mrija wa juu wa hiyo foku. Foku nyingi za siku hizi ni nene chini na nyembamba juu, inchi moja na nusu chini, wakati fremu yako ni ya inchi moja na 1/8 juu hadi chini. Haiingii. Kwa picha alizokutumia nina wasiwasi ni hiyohiyo. Breki nazo: foku hiyo ni ya diski, huna waya wala mkono wake, na nyuma utabaki na breki za kubana rimu.

Usije ukafikiri nakataa mchanganyiko wote. Siku ukipata fremu ya 29 yenye diski mbele na nyuma, unaweza kujaribu kinyume chake: acha 29 mbele, tia 27.5 nyuma. Hapo hesabu ni ya upole. 622 ukitoa 584 ni 38, nusu yake 19. Nyuma inashuka milimita 19, na kwa baiskeli ya leo yenye urefu wa mita moja na ishirini kati ya ekseli, shingo inalala karibu nyuzi moja tu, kranki inashuka kama milimita 12. Diski haijali kipenyo cha rimu, ndiyo sababu mchezo huu umewezekana. Breki za kubana rimu zingekosa rimu kabisa. Gia zinakuwa nyepesi kwa kama asilimia tano, jambo ambalo kwenye milima yenu hakuna atakayelilalamikia. Kilio ni pedeli. Hizo milimita 12 zinatosha kuifanya igonge mizizi ambayo jana ilikuwa inapita juu yake, na pedeli ikigonga katikati ya kona unaweza kuanguka. Watu huziba pengo hilo kwa kranki fupi ya milimita 165, au kwa foku yenye mwendo mrefu kidogo, na fremu nyingine zina kipande kidogo cha chuma cha kugeuza kwenye maungio ya shokapu ya nyuma, kinachorudisha kranki juu.

Haya, pesa zako. Nunua matairi. Mchanganyiko unaofaa kwa kila baiskeli, hata ya 26, ni wa matairi, na hauhitaji ruhusa ya fremu. Nimezunguka na mafundi wengi na bado naona watu wanafunga matairi mawili pacha kwa sababu yaliuzwa pamoja. Mbele na nyuma hayafanyi kazi moja. Tairi la nyuma likiteleza unapepesuka, unaweka mguu, unaendelea. La mbele likiteleza uko chini kabla hujajua. Kwa hiyo mbele weka pana zaidi, lenye meno marefu yaliyoachana, hasa yale ya pembeni ambayo ndiyo hushika kona, na raba iwe laini. Nyuma weka jembamba kidogo lenye meno mafupi yaliyokaribiana katikati, raba ngumu, liende kwa wepesi na lisiishe haraka. Kwako ningesema inchi 2.3 mbele na 2.1 nyuma. Rimu za mtumba kwa kawaida ni nyembamba ndani, na ukizidisha upana wa tairi juu ya rimu nyembamba linayumba kwenye kona.

Meno yaliyoachana yana kazi ya pili, unaijua mwenyewe. Udongo wenu mwekundu wakati wa masika haukubali mzaha; meno yakikaribiana unajaa katikati na tairi linabaki laini kama yai. Acha pia nafasi ya kidole kati ya tairi na foku, vinginevyo tope likikusanyika hapo gurudumu halizunguki tena.

Upepo. Mafundi wa barabarani wanajaza mpaka tairi linalia ukiligonga, na kwa Phoenix iliyobeba magunia mawili ya viazi wana haki. Kwa njia za msituni ni makosa. Uzito wako haufiki kilo 65, una tyubu: anza na psi 28 mbele na 32 nyuma, kwa pampu yenye saa. Nyuma huzidi kwa sababu uzito mwingi uko huko. Ukipata pancha yenye matundu mawili yaliyokaa sambamba, ujue tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu. Ongeza mbili, jaribu tena. Mgeni wa kilo 90 muongezee tano au sita kila upande kabla hamjaondoka, sio baada ya pancha ya kwanza.

Na hapa kuna faida ya kuwa na magurudumu mawili ya saizi moja ambayo wenye mchanganyiko wameipoteza. Tairi la nyuma huisha mapema sana kuliko la mbele. Likiisha, chukua la mbele ambalo bado lina meno, lihamishie nyuma hata kama ni pana kuliko nilivyosema, jipya liende mbele. Hivyo kila mara una tairi bora pale penye hatari zaidi, na hakuna linalotupwa kabla ya wakati. Mwenye 29 na 27.5 hana njia hiyo, kila tairi linafia mahali pake. Angalia tu mshale wa mzunguko ubavuni unapohamisha.

Fikiria na njia yenyewe. Tyubu ya 26 utaipata duka lolote linalouza baiskeli, hata huko juu. 27.5 na 29 utaagiza Moshi, Arusha au Dar. Ukiongoza wageni sita, kila mmoja na saizi yake, begi lako litakuwa la tyubu tupu. Kwa dharura tyubu ndogo hukubali kuvutwa kwenye rimu kubwa, ya 26 kwenye 27.5, ya 27.5 kwenye 29, na itakurudisha nyumbani. Ukifika itoe, imeshanyooshwa na haitadumu. Kubwa kwenye rimu ndogo usifanye, hujikunja ndani na kutoboka penye mkunjo.

Yule muuzaji mwambie asubiri, au umuunganishe na kijana mwenzako wa Soni mwenye 29, yeye foku hiyo inaweza kumfaa. Wewe Jumamosi pindua baiskeli, unisomee namba za ubavuni mwa matairi yote mawili, kisha upime nafasi kati ya tairi la mbele na foku, kushoto, kulia na juu. Nitumie kabla ya Jumatano, kwa sababu Alhamisi nakwenda Arusha na kuna duka huwa linaleta matairi ya 2.3 yenye meno marefu. Nikilipata nitalikunja na kumpa kondakta wa basi la Lushoto, pamoja na dawa za mama yako. Mwambie zile za mwanzo asiziache katikati kwa kuwa amejisikia nafuu.

Mjomba wako